Chupa ya Mvuke: Fundo Kwenye Mrija wa Breki

Fundo lilikuwa la binti yake.

Ndiyo, msomaji, hapo ndipo tulipomwacha Mama Viti: ameinamia injini ya gari lililomuua mumewe, shemeji yake anammulikia kwa simu, na kidole chake kiko juu ya uzi uliofunga mpira mahali ambapo mpira haukupaswa kuwa.

Uzi ule ulikuwa wa nta, uzi wa kushonea viti vya magari. Ulizungushwa, ukarudishwa chini ya mzunguko wake wenyewe, ukakazwa upande wa kushoto. Mama Viti alilibuni fundo lile ujanani kwa sababu mafundo ya watu wengine yalimfungukia kazini. Tangu hapo alimfundisha mtu mmoja tu, na huyo mtu alimzaa mwenyewe.

"Umeona, shemeji?" aliuliza Nyaya.

"Nimeona mpira."

"Kaka hakufunga hivi. Chupa yake aliitolea tundu lake, katikati ya injini. Huyu aliyefunga hapa ameingilia mrija wa bosta ya breki."

Mama Viti aliutazama mpira kama kazi ya mteja. Tangu mazishi alikuwa hivyo. Watu walimpa pole, naye akazipokea kama mtu anayerudishiwa vyombo vilivyoazimwa. Juzi sindano ya cherehani ilimwingia kidoleni, akajua alipoona doa kwenye kitambaa cha mteja. Majirani walisema amejikaza. Hakuwa amejikaza. Hakukuwa na kitu cha kukaza.

Kwa waliodandia hadithi yetu njiani, shikeni haya upesi. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mvuke, alikuwa fundi wa magari mwenye wazo moja kichwani. Alichukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, akatia maji na spiriti, akatoboa kifuniko mara mbili. Injini ilivuta hewa kwa tundu moja, hewa ikabubujika ndani ya maji, na mvuke ukatokea tundu la pili kwenda kuungana na petroli. Injini kuukuu iliyokuwa ikigonga kama mtu anayepigilia misumari ikatulia, ikanguruma kwa adabu.

Wako waliomwita mganga. Wako waliomuuliza kama siku maji yakikatika atatia chai. Mvuke alicheka nao, akaendelea kuchanganya.

Kisha siku moja gari lake lilishuka mlima wa maghala likakosa breki, likakumbatia ukuta. Yeye alikutwa nje, kwenye majani, hana uhai. Watu wote walisema breki, na hakuna aliyeweza kusema breki zimekuwaje. Ila Nyaya hakukubali. Huyu ni mdogo wake Mvuke, fundi wa umeme wa magari katika uwanja uleule wa gereji, na tangu gari lile lilipovutwa kurudi uani amekuwa akilichokonoa kila siku, kama ulimi unavyorudi kwenye jino bovu.

Leo alikuwa amepata.

Alimweleza shemeji yake pole pole, kama anavyowaeleza wateja. Breki ya gari haibanwi na mguu peke yake. Kuna bosta inayoisaidia, na bosta hiyo hunyonya nguvu zake kutoka kwenye injini kwa mrija mmoja. Sasa mtu anakunywa soda kwa mrija, wewe ukautoboa katikati. Atanyonya nini? Hewa. Gari linakwenda vizuri, injini imetulia, dereva anafurahi. Lakini akifika kwenye mteremko, akikanyaga na kukanyaga, msaada umekwisha.

"Afande wa barabarani anakuja jioni hii," alimalizia Nyaya. "Namwonyesha. Aliyefunga mpira huu ndiye aliyemuua kaka, na atakwenda ndani. Nakuapia kwa kaburi lile bichi."

Simu yake ikaita. Akasogea pembeni kupokea.

Mama Viti alichomoa mkasi kwenye aproni yake, akakata uzi. Hakufikiri. Alikata kama anavyokata ncha ya mshono, kisha akautia mfukoni.

Nyaya aliporudi, mpira ulikuwa unaning'inia.

"Umekatika," alisema Mama Viti.

"Uzi wa nta, shemeji? Ule unaovuta gari?"

"Basi leo umekatika."

Walitazamana. Nyaya aliugeuzageuza mpira mkononi. Mama Viti alichukua mtandio wake juu ya cherehani yake, akatoka uani bila kuaga, na njia nzima ya kupanda mlima alikuwa akifikiria jambo moja tu, wala si kwa uchungu, ni kama mtu anayepanga kazi ya siku: afande akija kabla sijamuona mtoto, mtoto amekwisha.

Binti yake alikuwa dereva wa gari la kiwanda cha mikate. Mama Viti alimpigia simu, na aliyepokea ni mwanamume.

Huko kiwandani kulikuwa na sheria. Tangu dereva mmoja alipogonga nguzo ya umeme akimbembeleza mchumba wake, madereva wote huziacha simu zao kwenye beseni la plastiki mlangoni, na msimamizi wa tanuri ndiye mlinzi wa beseni. Mzee wa watu alikuwa amechoka na kazi hiyo asiyoiomba.

"Mama, sema wewe ni mama wa nani," alisema. "Humu ndani kila simu inayoita imeandikwa Mama. Na nyote mnauliza kama mtoto amekula. Jamani, huku ni kwenye mikate."

Mama Viti alimwambia amzuie dereva wa kike asitoke na gari. Msimamizi akauliza kuna msiba mwingine? Akajibiwa hapana, ni uleule.

Alimkuta binti nyuma ya kiwanda, anapakia kreti. Alikuwa na unga hadi kwenye nyusi. Mama Viti hakuanza na salamu. Alitoa kipande cha uzi mfukoni, akakiweka juu ya kreti lililopinduliwa.

"Fundo hili la nani?"

Binti aliliangalia. "Langu."

"Lilikuwa wapi?"

"Kwenye mpira wa chupa, gari la baba. Nani amelikata?"

Hakusita hata kidogo. Mtu mwenye hatia humeza mate kwanza. Huyu alitaka kujua ni nani aliyeharibu kazi yake. Akaeleza yote, huku akipangusa mikono kwenye suruali.

Siku ile mwenye teksi, mtu mwenye magari mengi pale mjini, alikuwa aje kusikiliza chupa. Lakini lile tundu la katikati ya injini lilikuwa limelegea, na chuma chake kilikuwa kwa fundi wa kuchonga, hakijarudi. Baba akasema haidhuru, wachomeke kwenye mrija wa bosta kwa kazi hiyo tu, maana gari halitembei. Mwenye teksi atasimama uani, atasikia injini ikigonga, chupa itafunguliwa, atasikia ikinyamaza, atakwenda zake. Vidole vya baba vilikuwa vinene havipiti pale chini. Vya binti vikapita. Bana ya kukazia haikupatikana, akafunga kwa uzi.

"Baba mwenyewe alinishikia taa," alisema binti. "Akasema, fundo hilo ni la mama yako kabisa, halifunguki mpaka mtu afe."

Akaacha kupangusa mikono. Maneno yale yalikuwa yametoka kabla hajayasikia.

Mama Viti aliyasikia kama yanatoka kwenye redio ya jirani. "Na usukani?" aliuliza.

"Nilifunga kitambaa. Mimi si mjinga, mama."

Katika uwanja ule, kitambaa chekundu kikifungwa kwenye usukani, gari halitoki. Haliulizwi lina nini, halijaribiwi hata kusogezwa kivulini. Mvuke aliiweka sheria hiyo tangu alipofungua gereji, na siku moja alimkatalia mama yake mzazi kuketi tu ndani ya gari lenye kitambaa ili apumzishe miguu. Watu wa nje wanaweza wasijue maana yake. Watu wa uani wanaijua kama wanavyoyajua majina yao.

Binti alifunga kitambaa, akakimbilia zamu yake ya mikate. Mchana akaitwa kwenye beseni la simu, akaambiwa baba hayupo tena duniani. Hakuna aliyemuuliza habari za mpira, wala yeye hakukumbuka.

Sasa alikuwa anakumbuka. Mama yake aliona jambo lile likipanda usoni pake taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

"Mama," alisema. "Mama, ule mpira. Ndio uliom…"

"Mpira hauendeshi gari."

"Lakini ni mimi niliyefunga."

"Ulifunga gari lililosimama. Mtu mwingine amelitembeza. Maliza kupakia."

Machozi yalichora njia kwenye unga wa mashavu ya binti. Mama Viti aliyatazama. Alijua kwamba hapo ndipo panapopaswa kuuma. Alisubiri paume. Hapakuuma. Alimpangusa mtoto kwa ncha ya mtandio, kwa mkono uleule unaopangusa vumbi kwenye kiti kipya kabla mteja hajaja.

Kisha akampa maagizo. Akitoka kazini aende moja kwa moja kwa mama yake mdogo, asikanyage uani. Mtu akimuuliza, yeye hajui kufunga kitu chochote duniani isipokuwa kamba za viatu.

"Na wewe?" aliuliza binti.

"Mimi nina viti vya kushona."

Aliporudi, afande alikuwa amewasili, tena alikuwa amejituliza juu ya kiti cha teksi ambacho Mama Viti hajakimaliza.

"Afande, inuka hapo. Hicho hakina springi."

Afande aliinuka kwa heshima, akajipangusa nyuma. Nyaya alikuwa ameshamaliza hadithi yake. Mpira umeonekana, mrija umeonekana, hata mfano wa soda umetolewa. Na lile la uzi pia alikuwa amelisema, maana afande alimgeukia mwanamke na kumuuliza kama ni kweli kulikuwa na uzi, na kama ni kweli umekatika mikononi mwake.

"Umekatika kwa mkasi wangu," alisema Mama Viti. "Kazi yangu, nimeikata mwenyewe."

"Kazi yako?"

"Mpira huo nilifunga mimi."

Vichwa viligeuka uwanja mzima. Hata yule aliyekuwa akipiga nyundo upande wa pili aliishusha.

Afande alicheka kidogo, kicheko cha kumpa mtu nafasi ya kusema alikuwa anatania. "Mama, wewe unashona viti."

"Na nimelala na fundi wa injini tangu nikiwa msichana. Unadhani tulikuwa tunaongea nini?"

Akamweleza. Chupa inavuta wapi na inatoa wapi. Spiriti ni ya nini na maji ni ya nini. Kwa nini tundu la katikati lilikuwa halifai siku ile, na kwa nini mrija wa bosta ulitosha kwa gari lililosimama. Alisema yote kwa sauti moja, kama anasoma vipimo vya kiti, na kila alipomaliza sentensi afande alizidi kuacha kutabasamu.

Nyaya alikuwa ameegemea tangi la maji. Mama Viti alipotamka "mimi", alimuona akishusha pumzi ndefu, kama tairi lililookota mwiba. Mtu aliyeapa kwa kaburi bichi kumpeleka muuaji ndani, ameonyeshwa muuaji ni mke wa kaka yake, halafu anashusha pumzi. Mama Viti aliliona jambo hilo, asijue aliweke wapi.

"Shemeji, usiseme hivyo," Nyaya alisema hatimaye. Lakini alisema kwa kuchelewa, na kwa sauti ndogo.

Afande alitoa karatasi, akaiweka juu ya boneti, akaanza kuandika. Alimwambia mama ajitayarishe, ataandamana naye kituoni. Si kwa ubaya, ni utaratibu, na huko atapata mahali pa kukaa. Kisha akauliza swali moja la maana kuliko yote. Kama gari halikupaswa kutembea, aliyelitembeza angejuaje?

"Usukani ulifungwa kitambaa chekundu."

"Kiko wapi?"

Kila mtu uani alitazama usukani. Ulikuwa mtupu.

"Kitakuwa kimeanguka," alisema Nyaya.

Mama Viti alikwenda upande wa dereva, akavuta mlango uliopinda mpaka ukakubali kwa kelele, akapiga magoti. Kama kitambaa kipo, kipo humu. Alipapasa chini ya pedali. Vioo. Alipapasa kando ya gia. Vioo na kifuniko cha chupa, kile chenye matundu mawili. Akakiweka pembeni, akaingiza mkono chini ya kiti.

Hapo mkono wake ukasimama.

Msomaji, kuna watu wanajua nyuso na kuna watu wanajua sauti. Mama Viti anajua viti. Ukimfunga kitambaa usoni ukamshikisha mkono kwenye kiti cha gari, atakuambia mwenyewe ni mnene au mwembamba, na bega gani linauma. Kiti hiki alikishona yeye, kwa ajili ya mtu mmoja. Mvuke alikuwa mfupi. Aliendesha kiti kikiwa mbele kabisa, kifua karibu na usukani, na vijana wa teksi walimtania kwamba anapiga honi kwa kidevu. Katika ndoa yao nzima hakupata kukirudisha kiti kile nyuma.

Kiti kilikuwa nyuma. Nyuma kabisa, mwisho wa reli.

Alishika chuma cha kusogezea, akavuta. Kiti hakikusogea. Alikaza kwa mikono miwili, akasukuma kwa bega. Reli ilikuwa imepinda kwa kishindo cha ukuta, imekibana kiti pale pale. Waliovuta gari hawakuweza kukisogeza. Afande asingeweza. Mahali kilipokuwa sasa ndipo kilipokuwa gari lilipogonga.

Basi Mvuke hakuwa dereva.

Alibaki amepiga magoti, kichwa ndani ya gari, miguu nje. Hakulia. Hakupiga kelele. Alikuwa akipima urefu wa miguu ya mtu asiyekuwepo, kutoka kwenye kiti hadi kwenye pedali, kama anavyowapima wateja kila siku.

"Umekipata?" aliuliza afande.

"Bado."

"Basi pisha kidogo, mama. Nataka kuandika hali ya breki." Akamuita Nyaya kwa kidole. "Wewe fundi, ingia humo ukanyage, uniambie inafika wapi."

Mama Viti alipisha.

Sasa Nyaya si Mvuke. Tumbo moja liliwazaa, lakini urefu wote uligawiwa mdogo. Ni mtu wa kuinama kwenye kila mlango, na akipanda gari la mteja, kwanza husikia watu wote wakicheka, halafu ndipo hutafuta chuma cha kusogezea kiti, akirudishe nyuma, mguu mmoja ungali nje. Ndivyo anavyoingia kila gari.

Gari hili aliingia moja kwa moja.

Hakutafuta chuma. Hakutazama chini. Aliinamisha kichwa, akajitupa kitini, na magoti yake yakapita chini ya usukani bila kugusa popote. Mguu wake wa kulia ukaenda kwenye pedali peke yake, kama mguu unavyokwenda kwenye ngazi ya nyumba uliyozaliwa.

Akakanyaga.

"Andika, afande," alisema, macho yake yameutazama ule mwanya ambao zamani ulikuwa kioo cha mbele. "Ilikuwa hivi hivi. Ngumu kama jiwe. Unakanyaga kwa miguu yote miwili na ukuta unakuja tu."

Afande aliandika. Alikuwa ameinamia karatasi yake, anasema maneno kwa midomo huku akiyaweka: ngumu, kama, jiwe.

Mama Viti alishika mlango uliopinda, akausukuma kwa nyonga mpaka ukajifunga kwa mlio wa chuma, Nyaya akiwa ndani. Akauegemea kwa mgongo wake wote.

"Afande," alisema, kwa sauti ileile ya kusoma vipimo. "Kalamu yako isimame kwanza. Mimi sikufunga mpira ule. Na mume wangu hakuendesha gari hili."

Nyuma yake, ndani ya gari, hakukuwa na sauti. Kisha kiti kikalia, kile kiti alichokishona mwenyewe. Mtu alikuwa anajivuta pole pole juu ya vioo, kuelekea mlango wa upande wa pili, na mlango huo haukuwa na mtu wa kuuegemea.